Wino wa simu si wino

Kuna kijana niliyemfundisha fizikia kidato cha nne, sasa ana meza ya kutengeneza simu karibu na soko la Mbuyuni hapa Moshi. Wiki iliyopita nilipita nikiwa na mfuko wa ndizi mkononi. Akainuka, "Shikamoo mwalimu," na kabla marahaba haijanitoka vizuri akanionyesha simu iliyoangushwa na mwenyewe kwenye ngazi. Kioo kimepasuka, doa jeusi limetambaa kutoka pembeni mpaka karibu na katikati.

"Mwalimu, huu wino ni wino gani? Na kwa nini tusiunyonye kwa bomba la sindano, tukajaza mwingine?"

Mafundi wanasema kioo "kimemwaga wino", na wateja wanaelewa. Nusu ya kwanza ya swali lake ilinichukua dakika mbili. Nusu ya pili sikuimaliza siku ile, maana jibu lake linapita kwenye jambo lililowasumbua watu wa fizikia kwa miaka mingi: kitu hicho kinachoitwa wino hubadilisha tabia zake za umeme kinapobanwa mahali padogo, na pia kinapotiwa chembe za kitu kingine. Ninachoandika hapa ni kile ambacho ningemweleza kama wateja wasingekuwa wamejipanga nyuma yangu.

Si wino, tuanzie hapo. Hata weusi hakina. Ukikiona ndani ya kichupa kinafanana na maziwa yaliyozidishwa maji. Weusi ulioko kwenye kioo ni mwanga wa nyuma uliokosa njia, kwa sababu kimiminika hicho kimepoteza mpangilio wake au kimekimbia mahali pake. (Nazungumzia vioo vya LCD, vile vinavyomulikwa kwa taa iliyoko nyuma. Simu zenye OLED, ambazo kioo chake hutoa mwanga chenyewe, hazina kimiminika hiki, na doa lake ni habari nyingine.) Jina lake ni fuwele kimiminika, jina linalojipinga lenyewe, kwa kuwa shuleni tunafundisha kwamba fuwele ni yabisi na kimiminika ni kimiminika. Aliyegundua kwamba ukuta huo una mlango ni mtaalamu wa mimea, Friedrich Reinitzer, aliyekuwa Prague mwaka 1888. Alikuwa akichunguza kemikali inayotokana na kolesteroli ya karoti, akaona inayeyuka mara mbili: kwenye nyuzi 145.5 za Selsiasi inageuka kimiminika chenye ukungu, na kwenye 178.5 ukungu unaondoka ghafla. Akamwandikia Otto Lehmann, Mjerumani mwenye hadubini nzuri, na Lehmann akashawishika kwamba ule ukungu ni fuwele inayotiririka.

Fikiria njiti za kiberiti zinazoelea. Kila moja ina uhuru wa kwenda popote, lakini zote zimekubaliana kuelekea upande mmoja. Hali hiyo inaitwa nematiki. Mfano unaotumiwa sana maabara ni 5CB, iliyotengenezwa na George Gray na wenzake huko Hull, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Molekuli yake ina urefu wa nanomita 2 hivi, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Ni nematiki kuanzia karibu nyuzi 24 hadi 35. Kwa hiyo kichupa cha 5CB mezani pangu Moshi mwezi wa Februari kingekuwa nematiki mchana kutwa. Ukikipeleka Arusha asubuhi ya Julai kinastahili kuganda. Watengenezaji wa vioo huchanganya aina nyingi za molekuli ili mchanganyiko usigande wala usiyeyuke ovyo. Hata hivyo, anayepanda Kilimanjaro na saa ya tarakimu anaweza kuona usiku wa kuelekea kileleni namba zikibadilika kwa kujikokota. Baridi imeufanya mchanganyiko uwe mzito, na njiti zinageuka kwa shida.

Sasa umeme. Fundi anaijua kapasita, basi nianze nayo. Bamba mbili za chuma zinazotazamana hubeba kiasi fulani cha chaji. Ukijaza kitu kisichopitisha umeme katikati, zinabeba zaidi, na hiyo "zaidi ni mara ngapi" ndiyo kipimo dielektriki cha kitu hicho. Glasi ya silika ni karibu 4. Maji ni karibu 80. Siri iko kwenye molekuli: zile zenye upande hasi na upande chanya hugeuka kuufuata uga wa umeme, yaani ule mvuto wa umeme ulioko kati ya bamba, na kila inayogeuka inasaidia bamba kubeba chaji zaidi.

Molekuli ya 5CB ina nitrojeni kwenye ncha moja inayovuta elektroni kwake kwa nguvu, kwa hiyo ni njiti yenye kichwa hasi. Ukipima uga ukiwa sambamba na njiti unapata karibu 18. Ukipima uga ukikata njiti ubavuni unapata 6 au 7. Kitu kilekile, kichupa kilekile, namba mbili. Maziwa hayafanyi hivyo, mafuta ya alizeti hayafanyi hivyo. Na tofauti hiyo ya kama 11 ndiyo inayoendesha kioo cha simu: kwa kuwa njiti hupata nafuu zikilala sambamba na uga, volti ndogo inatosha kuzisimamisha. Mrusi Vsevolod Frederiks alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba kuna kizingiti. Chini yake njiti hazitikisiki. Ukikivuka, zinaanza kuinuka. Kwa 5CB kizingiti ni kama volti 0.8, na cha kushangaza hakijali unene wa tabaka. Kadiri tofauti ya zile namba mbili inavyokuwa kubwa, ndivyo kizingiti kinavyoshuka. Kumbuka hilo, maana ndilo linalowafanya watu wamwage vumbi la kila aina humo ndani.

Kuna kitu kingine cha kupima, nacho ni muda. Njiti ikiambiwa igeuke kichwa kiende miguuni, inapaswa kupenya katikati ya wenzake wote walioelekea upande mmoja. Inaweza, lakini si haraka. Ukiubadilisha uga mara laki moja kwa sekunde, 5CB inafuata bila shida. Ukifika mara milioni kadhaa, yaani megahezi kadhaa, inaanza kuachwa nyuma, na kipimo cha upande wa sambamba kinaporomoka. Mahali hapo pa kuporomoka wataalamu wanapatazama kama daktari anavyotazama mapigo ya moyo. Pakihama, kuna kitu kimewapata wale walio ndani.

Haya, tuzibane.

Panda Hiace ya Moshi kwenda Marangu siku ya soko. Aliyekaa katikati anaweza kujigeuza kumsemesha jirani. Aliyebanwa dirishani, bega likiwa kwenye bati, hageuki mpaka Himo. Sasa gari likiwa pana, wa dirishani ni wachache na hawabadilishi hali ya safari. Gari likiwa jembamba, kila mtu ni wa dirishani. Kwangu mimi habari yote ya kubana fuwele kimiminika iko kwenye hesabu hiyo ya wa dirishani, na nashangaa jinsi maelezo mengi yanavyoiacha mpaka mwishoni.

Tuifanye. Kwenye kioo cha simu, tabaka lina unene wa mikromita 4 hivi (mikromita moja ni nanomita elfu), na kuna kuta mbili. Ukihesabu molekuli zilizo ndani ya nanomita 2 kutoka kila ukuta, ni moja katika elfu. Chukua sasa utando wa alumina, yaani oksidi ya alumini, wenye matundu mfano wa mabomba, kila bomba upana wa nanomita 200: wa dirishani wanakuwa asilimia 4. Chukua glasi yenye vitundu vya nanomita 7, inayopatikana kwa kuyeyusha sehemu moja ya glasi kwa asidi na kuacha nyingine kama sifongo: wa dirishani ni zaidi ya asilimia 80. Ndani ya sifongo hiyo, "fuwele kimiminika ya kawaida" karibu haipo tena. Kilichobaki ni ukuta, na wachache waliozungukwa na ukuta.

Kwenye mabomba ya nanomita 200 mambo bado ni ya kiungwana. Njiti hulala kufuata urefu wa bomba, na ukiweka bamba za kupimia juu na chini ya utando, uga unapita sambamba nazo. Unapata ile namba kubwa. Ukiupaka ukuta lesithini, mafuta yaleyale ya kwenye kiini cha yai, njiti zinasimama dhidi ya ukuta kama spoku za baiskeli, na sasa uga unazikata ubavuni. Namba inaanguka. Hukugusa kimiminika, hukubadilisha joto. Umepaka ukuta tu, na kipimo kimebadilika kana kwamba umenunua kemikali nyingine. Huwa naona jaribio hilo linafundisha kuliko kurasa ishirini za milinganyo.

Kwenye vitundu vya nanomita 7 hadi 10 ndipo ungwana unapoisha. Kule kuporomoka kulikokuwa mahali pamoja kwenye megahezi kunatawanyika kwa upana mkubwa, kwa kuwa kila molekuli sasa ina mazingira yake: hii iko mita sifuri kutoka ukutani, ile iko hatua mbili, nyingine iko kwenye kona. Juu ya hapo panazuka mwendo mpya wa polepole ambao kwenye kichupa haukuwepo, maelfu ya mara polepole zaidi, na huo unahusishwa na wale walioshikwa na ukuta. Ukuta wa silika una vikundi vya hidroksili, oksijeni na haidrojeni, na nitrojeni ya 5CB inavipenda. Inashikana navyo. Kuachia ni kazi.

Joto nalo linapoteza heshima yake. Kwenye kichupa, 5CB ikifika nyuzi 35 ukungu unaondoka kama pazia lililovutwa. Ndani ya vitundu vidogo hakuna pazia, kuna mteremko. Mpangilio unapungua kidogo kidogo, unaanza kupungua mapema, na mabaki yake yanaendelea hata juu ya nyuzi 35 kwa kuwa ukuta unayashikilia. Kuganda nako kunakwama. Fuwele yabisi inahitaji nafasi ya kukua, na ndani ya kitundu nafasi hiyo hakuna, kwa hiyo kimiminika kinapoa na kuendelea kupoa, kinakuwa kizito kama asali kwenye baridi ya Julai, mpaka kinafanana na glasi bila kuwa kimepanga mistari yake. Ile asubuhi ya Arusha niliyoitaja isingekigandisha.

Njia ya pili ni ya kutopeleka kimiminika kwenye kuta, bali kuzileta kuta ndani ya kimiminika. Tia unga laini wa silika wenye chembe za nanomita 7. Gramu moja ya unga huo ina uso wa kama mita za mraba 300, karibu viwanja viwili vya mpira wa wavu. Chembe hizo zinashikana zenyewe kwa zenyewe kupitia hidroksili zilezile na kutengeneza mtandao dhaifu, kama machicha kwenye mbege yasipotulia chini. Gramu 0.1 ya silika kwenye sentimita moja ya ujazo inaacha nafasi zenye upana wa kama nanomita 65 kati ya nyuzi za mtandao. Hapo tumerudi kwenye vitundu, ila vitundu hivi vinaweza kuvunjika. Na vinavunjika kweli: ukiweka volti, njiti zinasimama, mtandao unachanika na kujifunga upya, na ukizima volti kimiminika hakirudi chote kilivyokuwa. Kimekumbuka. Kilichokuwa cheupe kama ukungu kinabaki kinapitisha mwanga mpaka ukipashe joto. Kipimo dielektriki nacho kinabaki pale kilipoachwa.

Kwenye chembe nyingine ndiko kuna kelele nyingi, na hapa naomba msomaji awe na roho ya mnunuzi wa mitumba: geuza nguo ndani nje kwanza.

Wazo la kutia chembe ili kumpa fuwele kimiminika nguvu mpya ni la zamani. Mwaka 1970 Françoise Brochard na Pierre-Gilles de Gennes, wa Ufaransa, waliandika jinsi chembe za sumaku zingeweza kuifanya nematiki itii sumaku ndogo. De Gennes alipewa Nobel ya Fizikia mwaka 1991, kwa kazi pana zaidi ya hiyo. Mwaka 2003 Yuriy Reznikov wa Kyiv na wenzake wakatumia chembe za feroelektriki, yaani zenye ncha hasi na chanya za kudumu hata bila uga, tena kidogo sana. Wakaripoti kwamba tofauti ya zile namba mbili imekua na kizingiti kimeshuka. Baada ya hapo zikamwagwa bariamu titaneti, dhahabu, titani oksidi, neli za kaboni, kila mtu na chungu chake.

Lakini piga hesabu. Mwaka 1904 James Clerk Maxwell Garnett alitoa kanuni ya kukadiria mchanganyiko wa chembe za mviringo ndani ya kitu kingine. Chukua chembe zenye kipimo dielektriki cha elfu moja au zaidi, zijaze asilimia 1 ya ujazo. Mtu angetarajia kishindo. Kanuni inatoa ongezeko la asilimia 3 tu, kwa sababu chembe ya mviringo hujikinga na uga ulioko nje yake. Hata ungetia yenye kipimo cha milioni, asilimia 3 haiongezeki kitu cha maana. Kwa hiyo mtu akisema amepata ongezeko la theluthi kwa chembe chache, hilo halikutoka kwenye kuchanganya. Limetoka kwingine: labda ncha za kudumu za chembe zimeongeza nguvu ya njiti kukubaliana, labda uso wa chembe umezipanga njiti za jirani, labda ni kitu kisichopendeza kukitaja kwenye ripoti.

Kitu hicho ni ayoni. Kila fuwele kimiminika ina uchafu kidogo wenye chaji. Ukipima kwa masafa ya chini, yaani uga ukibadilika mara chache kwa sekunde, tuseme hezi 100 kushuka, ayoni zina muda wa kutembea hadi kwenye bamba na kurundikana pale. Kapasita inadhani imejazwa kitu cha ajabu, na kipimo kinapanda hadi mamia, hata maelfu. Si njiti zilizogeuka, ni uchafu uliohamia mlangoni. Kwenye vitundu na mitandao ya chembe uchafu huo unarundikana pia kwenye mpaka wa vitu viwili vinavyopitisha umeme tofauti, na unatoa mwendo wa polepole unaofanana kabisa na ule wa molekuli zilizoshikwa na ukuta. Kuvitenganisha kunahitaji kupima kwa joto tofauti, unene tofauti, na masafa kuanzia chini ya hezi moja hadi juu ya megahezi. Anayeonyesha namba ya masafa mamoja tu anakuonyesha upande mmoja wa nguo.

Chembe zenyewe zinacheza pande zote mbili za mchezo huu. Zikiwa safi, uso wake mkubwa unanasa ayoni, na upitishaji wa umeme unapungua. Hilo lina faida, maana ayoni ndizo zinazoacha kivuli cha picha ya zamani kwenye kioo. Zikiwa chafu, zinaleta ayoni zake. Chembe zilezile, zikisafishwa vizuri au vibaya, zinaweza kutoa majibu yanayopingana, na ndiyo maana joto la kuondoka kwa ukungu hupanda kwenye maabara moja na kushuka kwenye nyingine. Ongeza asidi ya oleiki inayopakwa kwenye chembe ili zisigandamane, ambayo nayo ikizidi inavuruga njiti, na utaona kwa nini sina haraka ya kuamini mchoro wenye mstari mmoja unaopanda.

Kuna ubanaji mmoja ambao tayari unauzwa madukani duniani, nao ni wa matone. Fuwele kimiminika inafungwa kama matone ya mikromita moja hivi ndani ya plastiki. Bila umeme kila tone linaelekea kwake, mwanga unatawanyika, dirisha linakuwa jeupe. Ukiweka umeme, matone yote yanaelekea upande mmoja na dirisha linapitisha mwanga. Kasoro ni kwamba plastiki iliyoko katikati inajichukulia sehemu ya volti, na mkunjo wa tone unazishikilia njiti, kwa hiyo badala ya volti 0.8 unahitaji makumi ya volti. Ubanaji una bei, na inalipwa kwa umeme.

Nilirudi Mbuyuni juzi, safari hii bila ndizi. Kijana alikuwa bado anacho kile kioo. Nikamwambia kwamba ule wino ungeweza kupatikana, si tatizo. Tatizo ni kwamba ndani ya kile kioo kuna kuta mbili za glasi zilizopakwa tabaka jembamba la polima lililoandaliwa kiwandani ili lizionyeshe njiti upande wa kulala. Mpasuko umeliharibu. Ukijaza upya, njiti zitaingia hazijui pa kuelekea. Sindano italeta vumbi, na vumbi ni chembe. Kidole kitaleta chumvi, na chumvi ni ayoni. Utakuwa umejaza kimiminika kile kile na kupata kitu kingine.

Akakitazama kioo kidogo, akakirusha kwenye debe la vipuri.

"Sasa mwalimu, mteja nimwambieje? Anakuja saa kumi."

"Mwambie anunue kioo."